"Ticha, mbona haijaganda?"

Najua nimepotea, lawama zote zipeni BTP. Nimerudi chuo jana na deni moja la dogo wa kidato cha pili.

Tuliwasha kompyuta kuukuu yenye Linux, kadi ya mtandao ikagoma. Kioo kikaandika mstari mmoja wa kosa, mwishoni -5, halafu mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida. Dogo akauliza, "Ticha, mbona haijaganda?" Darasa zima kimya, mimi natabasamu tu. Jamani ile aibu!

Dogo, zamani ilikuwa inaganda kweli. Kadi nyingi za PC za miaka ya 1980 hazikuwa na namna ya kujitambulisha. Draiva, yaani programu inayosimamia kifaa, ilibidi ipapase gizani: inagusa anwani fulani, inasikiliza kama kuna anayeitika. Ikigusa kadi isiyo yake, mashine chali. Na ikishaganda, hakuna programu iliyobaki hai ya kuandika kosa.

Windows 95 inachekwa sana, mimi naona inaonewa. Ilipotoka Agosti 1995, programu ya kuiweka kwenye mashine ilikuwa inaandika kwanza kwenye faili la DETCRASH.LOG kifaa inachotaka kukijaribu, ndipo inajaribu. Ikiganda, unazima kwa swichi na kuwasha tena. Inasoma faili, inaona iliishia wapi, inaparuka. Kama mtu anayeaga nyumbani kabla ya kuvuka mto.

Linux nayo ilihangaika na usafi. Draiva inapoanza huchukua vitu hatua kwa hatua: kumbukumbu, anwani, laini ya kuita prosesa. Ikikwama hatua ya nne, lazima irudishe cha tatu, cha pili, cha kwanza, kinyumenyume. Waandishi walifanya hivyo kwa mkono, kwa goto (ndiyo, ile ile tunayokatazwa darasani!), na kusahau kitu ilikuwa rahisi mno. Kilichosahaulika kinabaki kimeshikwa, ukijaribu tena unaambiwa kina mtu. Mwaka 2007 toleo la 2.6.21 likaleta devres, kazi ya Tejun Heo: kerneli yenyewe inaweka daftari la vilivyochukuliwa na kuvirudisha draiva ikishindwa.

Mwaka 2012, toleo la 3.4, likaja jibu jipya kabisa, EPROBE_DEFER. Maana yake: sijashindwa, ila ninayemtegemea hajaamka, nirudie baadaye. Kabla ya hapo draiva ilikuwa na majibu mawili tu, nimeweza au nimeshindwa.

Sasa ile -5 yetu ni EIO, yaani mawasiliano na kifaa yamekwama. Draiva ilijaribu, ikarudisha ilivyochukua, ikatoa namba yake, na kerneli ikaendelea na vifaa vingine.

Nimeshaandika haya kwenye karatasi. Jumatatu nampigia mwalimu aliyenipokea pale shuleni, amsomee yule dogo mbele ya darasa lile lile.