Kupanga upau wa zana wa kivinjari na kuhifadhi anwani za huduma za Serikali

Upau wa zana ni mstari ulio juu ya dirisha la kivinjari, wenye vitufe vya kurudi nyuma na kupakia ukurasa upya, pamoja na kisanduku cha anwani. Chini yake unaweza kuonekana upau wa alamisho, yaani anwani za tovuti alizozihifadhi mtumiaji. Mpangilio huo si wa kudumu. Firefox, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2004, humruhusu mtumiaji kuondoa kitufe asichokihitaji na kukihamisha anachokihitaji.

Kwa mkazi wa Kata ya Kitete, Manispaa ya Tabora, jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Maombi ya ajira serikalini hupokelewa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ya mikopo ya elimu ya juu kupitia mfumo wa HESLB, na usajili wa kampuni kupitia BRELA. Safari ya kwenda pwani, ambayo misafara ya zamani iliikamilisha kwa miezi, sasa ombi huimaliza kwa sekunde chache, mradi limeelekezwa kwenye anwani sahihi.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeandika neno "ajira" kwenye mtambo wa kutafutia huletewa orodha ndefu, na matangazo ya kulipiwa huweza kutangulia tovuti halisi. Siku za mwisho za dirisha la maombi, mwenye haraka hubofya kinachotangulia, na namba yake ya kitambulisho au fedha zake huishia kwa matapeli. Alamisho iliyohifadhiwa mara moja, kwa utulivu, humwepusha na utafutaji huo.

Anwani ya taasisi ya Serikali huishia na go.tz kabla ya mkwaju wa kwanza. Iwapo baada ya go.tz kuna nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju huo, anwani hiyo si ya Serikali, hata kama imeanza na jina la taasisi inayofahamika. Alama ya kufuli pekee haitoshi: huonesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti ya tapeli nayo huweza kuwa nayo. Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye kisanduku cha anwani mwaka 2023 kwa kuwa watu wengi waliielewa vibaya.

Baada ya kuhakiki anwani, mtumiaji wa kompyuta hubonyeza Ctrl na D ili kuihifadhi, kisha Ctrl, Shift na B ili upau wa alamisho uonekane. Vitufe hivyo hufanya kazi katika Chrome, Edge na Firefox. Majina marefu yafupishwe, kwa mfano "Ajira" au "Mikopo", ili yote yaenee kwenye mstari mmoja. Katika Firefox, kubofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye sehemu tupu ya upau hufungua chaguo la kuupanga. Vitufe huburutwa hadi mahali panapotakiwa, na aliyekosea anaweza kurejesha mpangilio wa awali. Kitufe kilichojitokeza kwenye upau bila mwenye kompyuta kukiweka huenda kimeletwa na kiendelezi, na ni vyema kikaguliwe na kuondolewa.

Wanaotuma maombi kwenye kompyuta za steshenari wanashauriwa wasihifadhi chochote humo wala wasiingize akaunti zao kwenye kivinjari. Watumie dirisha la faragha (Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, P badala ya N kwa Firefox), waandike anwani wenyewe herufi kwa herufi na kulifunga dirisha wakimaliza. Kwenye simu, Chrome ina chaguo la kuongeza tovuti kwenye skrini ya mwanzo, ndani ya menyu ya nukta tatu, na tovuti hiyo hufunguka kwa mguso mmoja.