Kutoka Majedwali hadi Programu: Historia ya Hesabu za Majaribio ya Nafasi kwa Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama

1.0 Utangulizi

Katika sensa ya mwaka 2002, Mkoa wa Mara ulikuwa na wilaya 5: Tarime, Serengeti, Musoma Vijijini, Bunda na Musoma Mjini. Katika sensa ya mwaka 2012 vitengo hivyo vilikuwa 7, kwa kuwa Rorya ilikuwa imekwisha kumegwa kutoka Tarime, na Butiama kutoka Musoma Vijijini. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta halmashauri 9, baada ya miji ya Tarime na Bunda kuwa na halmashauri zake yenyewe. Mabadiliko haya kwa kawaida hujadiliwa katika historia ya utawala. Makala haya yanayaangalia kwa upande wa historia ya takwimu, kwa kuwa yanaibua swali linalomkabili kila mtafiti anayelinganisha maeneo machache: tofauti inapotangazwa kuwa ya kweli, je, uamuzi huo umetokana na data au umetokana na njia ambayo programu ilichagua kufanyia hesabu?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba matokeo ya jaribio la nafasi, kwa asili yake, hupatikana kwa kuhesabu mipangilio yote inayowezekana. Programu inapokisia badala ya kuhesabu, na isibainishe kwamba imekisia, inaweza kugeuza hitimisho la utafiti. Mara yenye vitengo 7 ni mfano wa wazi wa jambo hilo.

2.0 Asili ya Majaribio ya Nafasi

Dhana ya nafasi si ngeni kwa msomaji wa Kitanzania. Mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza darasani anajulikana kuwa amemzidi wa pili, ingawa nafasi peke yake haisemi amemzidi kwa alama ngapi. Takwimu za nafasi zimejengwa juu ya taarifa hiyo ndogo. Mwaka 1904 Charles Spearman alipendekeza kipimo cha uhusiano kinachotumia nafasi. Mwaka 1945 Frank Wilcoxon, mwanakemia aliyefanya kazi katika kampuni ya American Cyanamid nchini Marekani, alichapisha makala fupi iliyoeleza majaribio mawili: la jumla ya nafasi kwa makundi mawili yasiyohusiana, na la nafasi zenye alama kwa vipimo vilivyo katika jozi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1947, Henry Mann na Donald Whitney walilipanua jaribio la kwanza kwa makundi yasiyolingana ukubwa.

Mantiki ya jaribio la jumla ya nafasi ni nyepesi. Ikiwa hakuna tofauti kati ya makundi mawili, kila namna ya kugawa nafasi baina ya makundi hayo ina uwezekano sawa. Mtafiti huhesabu namna zote, kisha huangalia ni ngapi kati yake zinatoa matokeo yaliyokithiri kama yale aliyoyapata, au zaidi. Uwiano huo ndio thamani ya p.

Ugumu ulikuwa katika wingi wa namna zenyewe. Makundi mawili yenye watu 10 kila moja yana mipangilio 184,756, na hakuna mtu angeiorodhesha kwa kalamu. Mann na Whitney walipunguza kazi hiyo kwa kanuni ya kurudia. Aliyeshika nafasi ya juu kabisa lazima atoke katika kundi la kwanza au la pili. Akiondolewa, linabaki tatizo lilelile lenye mtu mmoja pungufu. Kwa hiyo hesabu ya makundi makubwa hujengwa kwa kujumlisha hesabu za makundi madogo yaliyokwisha kukamilika. Kwa kanuni hiyo walitoa majedwali ya makundi yasiyozidi 8. Kwa makundi makubwa zaidi walionyesha kwamba mgawanyo unaukaribia mkunjo wa kawaida, hivyo makisio yangetosha.

Mpaka huo wa 8 ulitokana na uwezo wa mikono na karatasi wa wakati ule. Nchini Tanzania majedwali yaliendelea kuwa na umuhimu wa pekee, kwani mwaka 1974, chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Zuio hilo lililegezwa baadaye. Mtafiti aliyetumia jedwali alikuwa na faida moja ambayo mrithi wake wa enzi za programu ameipoteza: alijua anasoma hesabu kamili au makisio, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyefungua ukurasa.

3.0 Mara katika Sensa Tatu

Ichukuliwe kwamba mtafiti anazilinganisha halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama kwa upande mmoja, na halmashauri nyingine za mkoa kwa upande wa pili, kwa kigezo chochote kinachoweza kupangwa kwa nafasi, kama vile ufaulu wa mtihani wa darasa la saba. Ichukuliwe pia kwamba amepata matokeo yaliyokithiri kuliko yote: kundi la kwanza limeshika nafasi zote za juu bila kuingiliwa hata mara moja. Jedwali 1 linaonyesha thamani ya p ya pande mbili kwa kila kipindi. Sahihisho linalotajwa ni lile la mwendelezo, yaani kupunguza nusu katika tofauti kwa kuwa nafasi huruka hatua kwa hatua ilhali mkunjo wa kawaida hauna hatua.

Jedwali 1: Thamani ya p ya matokeo yaliyokithiri kabisa

| Sensa | Vitengo | Makundi | Mipangilio | Hesabu kamili | Makisio bila sahihisho | Makisio yenye sahihisho |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 2002 | 5 | 3 na 2 | 10 | 0.200 | 0.083 | 0.149 |
| 2012 | 7 | 4 na 3 | 35 | 0.057 | 0.034 | 0.052 |
| 2022 | 9 | 5 na 4 | 126 | 0.016 | 0.014 | 0.020 |

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kwa vitengo vya mwaka 2002 jaribio hili halikuwa na uwezo wa kufikia kiwango cha umuhimu cha 0.05, hata tofauti ingekuwa kubwa kiasi gani. Mtafiti aliyeandika kwamba hakuona tofauti ya maana hakuwa amegundua lolote kuhusu Mara. Alikuwa ametumia chombo kisichoweza kutoa jibu jingine. Pili, kwa vitengo vya mwaka 2012 hesabu kamili inasema 2 kati ya 35, yaani 0.057, lakini makisio bila sahihisho yanasema 0.034. Data ni zilezile na jaribio ni lilelile. Kilichobadilika ni njia ya hesabu tu, na hitimisho limegeuka.

4.0 Sare na Marekebisho ya Programu

Tatizo huongezeka zinapotokea sare. Wilcoxon aliwapa waliofungana wastani wa nafasi zao. Lakini kanuni ya kurudia ya Mann na Whitney inadai nafasi zisizojirudia, na majedwali yao hayawezi kutumika sare zikiwapo. Katika mfano wa vitengo 7, halmashauri ya nne na ya tano zikifungana huku kila moja ikitoka kundi lake, zote mbili hupata nafasi ya 4.5. Mipangilio bado ni 35, lakini mgawanyo wake umepoteza ulinganifu wa pande zake. Mtafiti anayehesabu mipangilio yote iliyo mbali na wastani kwa kiasi hichohicho au zaidi hupata 3 kati ya 35, yaani 0.086. Anayezidisha upande mmoja mara mbili hupata 4 kati ya 35, yaani 0.114. Anayekisia kwa kusahihisha sare bila kusahihisha mwendelezo hupata 0.0497, na anayesahihisha vyote viwili hupata 0.074. Majibu manne yametokana na halmashauri 7, na moja kati yake linavuka mstari wa 0.05 kwa unywele.

Hali hii haikubaki katika nadharia. Mwaka 2000 Reinhard Bergmann, John Ludbrook na Will Spooren walichapisha ulinganisho wa programu 11 za kibiashara zilizopewa data zilezile kwa jaribio la Wilcoxon, Mann na Whitney. Programu hizo zilitofautiana katika majibu, kwa kuwa baadhi zilihesabu na nyingine zilikisia, na zilizokisia hazikukubaliana kuhusu masahihisho.

Njia za kuhesabu sare kikamilifu zilikuwa zimekwisha kupatikana. Mwaka 1986 Bernd Streitberg na Joachim Röhmel walieleza utaratibu unaojenga mgawanyo kwa kusogeza na kujumlisha, kitengo kimoja baada ya kingine, bila kuorodhesha mipangilio yote. Utaratibu huo ukaingizwa baadaye katika vifurushi vya nyongeza vya programu huria ya R. Jaribio la Wilcoxon katika mfumo wa msingi wa R limekuwa likihesabu kikamilifu pale makundi yanapokuwa na vipimo chini ya 50 bila sare. Sare zikiwapo, limekuwa likikisia na kutoa onyo. Onyo hilo hubaki kwenye skrini, wala haliingii katika jedwali la tasnifu isipokuwa mwandishi alitaje.

Mfano mwingine ni maktaba ya SciPy ya lugha ya Python. Kwa miaka mingi, jaribio lake la Mann na Whitney lilikuwa likikisia tu, na lisipopewa maelekezo lilitoa nusu ya thamani ya pande mbili. Kwa vitengo 7 vya Mara, mtumiaji asiyejua hilo angepata 0.026 mahali pa 0.057. Toleo la 1.7.0 la mwaka 2021 liliandika upya jaribio hilo, likaongeza hesabu kamili na kufanya pande mbili kuwa chaguo la kawaida. Marekebisho hayo yanasaidia kazi zijazo, lakini hayarudi nyuma kusahihisha namba zilizokwisha kuchapishwa.

5.0 Jozi 6 za Mwanza

Uzito wa suala hili unaonekana katika mkoa jirani. Kati ya mwaka 1991 na 1994 jaribio kubwa la kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya VVU lilifanyika mkoani Mwanza katika jamii 12 za vijijini zilizopangwa katika jozi 6. Matokeo yalichapishwa na Heiner Grosskurth na wenzake mwaka 1995. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma iliyoboreshwa, na asilimia 1.9 katika jamii za ulinganisho. Waliopimwa walikuwa maelfu, lakini kilichogawiwa kwa bahati nasibu kilikuwa jamii, na jozi zilikuwa 6 tu. Watafiti waliliheshimu hilo katika uchanganuzi wao, na kwa njia yao isiyotegemea nafasi walipata p ya 0.007.

Jozi zote 6 zilielekea upande mmoja. Kwa jaribio la Wilcoxon la nafasi zenye alama kuna mipangilio 64, na matokeo hayo yanatoa 2 kati ya 64, yaani 0.031. Makisio bila sahihisho yanatoa 0.028, na yenye sahihisho 0.036. Hapa njia zote zinakubaliana kuhusu hitimisho. Lakini jozi moja tu ingekosekana, mipangilio ingekuwa 32 na thamani ndogo kabisa ingekuwa 0.0625. Katika tafiti za jamii chache, kitengo kimoja hubeba uzito ambao maelfu ya watu waliopimwa ndani yake hawawezi kuufidia.

6.0 Mipaka ya Hesabu Kamili

Haifai kuhitimisha kwamba hesabu kamili inatibu kila kasoro. Jedwali 1 linaonyesha thamani ikishuka kutoka 0.200 hadi 0.016, lakini kilichoongezeka kati ya mwaka 2002 na 2022 ni mipaka, si ushahidi. Butiama ilitoka Musoma Vijijini, na Bunda Mji ilitoka Bunda. Kata na shule ziliendelea kuwa zilezile, na majirani hawakugeuka wageni siku mpaka ulipochorwa. Mantiki ya jaribio inadai kwamba nafasi ya kila kitengo ingeweza kubadilishana na ya kingine bila upendeleo, na halmashauri mama na binti yake haziko hivyo. Programu haiwezi kuligundua hilo, kwani kwake Musoma na Butiama ni mistari miwili tu ya data.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa imeonyesha kwamba makisio yalianza kama msaada kwa mikono iliyochoka, kisha yakabaki ndani ya programu hata baada ya mashine kuweza kuhesabu. Kwa mipangilio 10, 35 au 126 hakuna sababu ya kukisia. Hata kalamu inatosha. Tasnifu inayolinganisha maeneo machache inapaswa kutaja programu na toleo lake, kueleza kama thamani imehesabiwa au imekisiwa, sare zimeshughulikiwa vipi, na thamani ndogo kabisa ambayo jaribio lingeweza kutoa ni ipi. Inapaswa pia kueleza vitengo vyake vilizaliwa lini na kutoka wapi. Mtahini akiyapata hayo ataweza kurudia hesabu yote ya Musoma, Bunda na Butiama kwa karatasi moja na kuamua mwenyewe.