Kutupa Taulo: Nahau ya Ulingoni na Maana Yake

Nahau nyingi za Kiingereza ziliingia katika Kiswahili kwa njia ya vitabu na magazeti. Chache zilikuja pamoja na vitendo vyake, zikafahamika kwa macho kabla ya kufafanuliwa kwa maneno. Mojawapo ni "kutupa taulo".

Pumwani ni mahali pafaapo kuichunguzia. Mtaa huo wa Nairobi ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa watu waliohamishwa kutoka vijiji vya awali vya mji, na Kiswahili kikawa lugha yake ya kila siku. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndondi zilishika mizizi katika kumbi za jamii za mitaa ya mashariki. Huko mtazamaji asiyejua Kiingereza aliweza kuisoma nahau hiyo ulingoni: taulo likitua, pambano limekwisha.

Lakini ni nani alitupaye? Ulingoni, si bondia, bali ni mkufunzi wake aliye pembeni. Bondia hukubaliwa kuwa hodari mpaka mwisho; mwingine ndiye anayeamua kumwokoa. Katika matumizi ya kawaida mtenda amebadilika. Tusemapo "mgombea ametupa taulo", mwenye kushindwa ndiye mtupaji. Kiingereza chenyewe kilikwisha kufanya mageuzi hayo. Matokeo yake, nahau imekuwa kisawe cha "kusalimu amri" na "kukata tamaa", na ile maana ya huruma imefifia.

Hasara hiyo si ya msamiati tu. Robert Wangila, kijana wa Nairobi, aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mwezi wa Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake, naye akaupinga uamuzi huo. Baadaye alizimia, na baada ya siku mbili akafariki dunia. Aliyepigwa hakujiona ameshindwa; ilibidi mwingine amwamulie.

Kwa hiyo, mtunga kamusi aandikaye "kutupa taulo: kukubali kushindwa" husema kweli, ila huisema nusu. Inafaa aongeze maana ya kwanza: kumkomesha mwenzio mapambano ili asiangamie. Kiswahili kina maneno mengi ya kushindwa. Neno la kumwokoa mtu na ushujaa wake mwenyewe ni adimu.