Hospitali Iliyorudisha Wafu Kwao

Wasee, mwaka jana mwili wa mjomba wangu ulikaa mochari wiki tatu sababu ya bili. Ndio maana stori ya Tung Wah, Hong Kong, imenishika.

Mwaka wa 1869, chini ya Waingereza, ilifichuka kwamba Wachina maskini waliokuwa wakifa waliachwa kwenye hekalu moja mtaa wa Tai Ping Shan, wamelala pamoja na maiti. Hospitali ya serikali wengi waliiogopa. Aibu ikawa kubwa. Matajiri wa Kichina wakachanga, serikali ikaongezea pesa za leseni za kamari. 1872 Tung Wah ikafunguliwa: dawa za Kichina, na maskini anatibiwa bure.

Lakini kilichonimaliza ni hiki: ukifa kama huna mtu, walikuzika. Ukifia California, mifupa yako ilisafirishwa kwa meli, wakaipokea, wakaituma hadi kijijini kwenu.

Sikatai, hao matajiri pia walikuwa wanajijengea jina. Sawa tu. Maskini alifika kwao hata akiwa mifupa. Mjomba wangu alikuwa kilomita chache kutoka nyumbani, na tulimkomboa kama kitu kilichowekwa rehani.