Sehemu ya 6: Mishipa ya ini ilivyowashinda madaktari

Mama zangu wa Nanganga, leo historia kidogo. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Dk. Thomas Starzl alijaribu kumpandikizia ini mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa njia za nyongo zimeziba. Nyongo ikikwama, ini linaota makovu. Damu inayotoka kwenye utumbo inakuta njia imebana, inarudi na kuvimbisha vimishipa vya pembeni. Kila walipokata, damu ilimwagika, tena haikuganda. Mtoto akafia mezani.

Waliofuata waliwekewa mirija ya kuipitisha damu kando wakati wa upasuaji. Mabonge yakajitengeneza humo, yakaenda mapafuni. Mpaka 1967 ndipo mtoto mmoja akaishi zaidi ya mwaka.

Huku Japani, tangu miaka ya 1950, Dk. Morio Kasai alikuwa akitumia utumbo wa mtoto mwenyewe kumtengenezea njia ya nyongo. Upasuaji huo unafaa zaidi kabla ya siku 60, makovu hayajakomaa.

Kwa hiyo mwanao akipita wiki 2 macho bado ya njano, au choo ni cheupe kama chokaa, usiseme jua la asubuhi litamaliza. Mlete kliniki siku hiyohiyo.