Kimpumu

Kimpumu ni pombe nzito ya ulezi ya Wanyakyusa wa wilaya za Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya. Huko si nchi ya mvinyo, kwani zabibu hazijazoea mvua nyingi za Tukuyu, mji wa chai na ndizi wilayani Rungwe. Mvinyo wa Tanzania ni kazi ya Dodoma iliyo kame. Hata hivyo, kama Amarone, mvinyo wa kaskazini mwa Italia unaotokana na zabibu zilizoanikwa kwa miezi kadhaa, kimpumu nayo huanza kwa kukausha. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, kisha kimea huanikwa na kusagwa. Kimea hicho ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kilevi.

Uzuri wake hasa uko kwenye unywaji. Machicha hayachujwi. Mnywaji huyamiminia maji ya moto, akasubiri kidogo, kisha akafyonza kwa mrija. Ladha ikififia, maji huongezwa tena. Katika baridi ya miteremko ya Mlima Rungwe, hakuna kinywaji kinachofaa zaidi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, alieleza nafasi kubwa ya pombe ya ulezi katika matambiko ya ukoo.