Daktari wa mifugo aliyewafundisha madaktari wa watu

Hebu fikiria umepewa tembo dume aliyekwisha kufa, kisu kikali, na kazi moja tu: tafuta korodani zake. Ukianza kuangalia kati ya miguu ya nyuma, kama ungefanya kwa fahali au beberu, utahangaika mpaka jua lizame. Hazipo hapo. Ziko ndani ya tumbo, karibu na figo, na hubaki humo maisha yote ya mnyama.

Mmoja wa watu walioeleza jambo hilo kwa undani, mwaka 1967, ni Mwingereza Roger Short, na leo nataka tumzungumzie yeye. Alizaliwa 1930, akasomea udaktari wa mifugo Bristol, kisha akaenda Cambridge. Huko, miaka ya 1950, alijulikana kwa kupima projesteroni katika damu ya wanyama wa kufugwa. Projesteroni ni ile homoni inayotuliza mji wa mimba ili ujauzito usitoke. Siku hizi unatoa damu kidogo maabara na majibu unayapata. Wakati ule ilibidi uchukue damu nyingi, uichuje na kuitenganisha kwa kemikali hatua kwa hatua, ndipo upate chembe ya kupima.

Kwa ujuzi huo akaja Uganda, miaka ya 1960, ambako tembo walikuwa wengi na wengine walikuwa wakiuawa ili kupunguza idadi yao. Tembo hubeba mimba miezi 22. Mtu yeyote mwenye akili angetegemea kwamba ovari za jike mwenye mimba ndefu namna hiyo zimejaa projesteroni. Baada ya yai kutoka, hubaki kwenye ovari kinundu kinachoitwa kopasi luteamu, na hicho ndicho kiwanda cha homoni hiyo. Mwaka 1965 Short na mwenzake Irven Buss walitoa matokeo yao: vinundu vipo, tena vingi, lakini projesteroni ndani yake karibu hakuna.

Sasa jiulize, wewe ungefanya nini? Ungedhani umekosea kupima, au sampuli zimeoza njiani? Wao walichapisha walichokiona. Jibu lilikuja miaka ya 1990, watafiti wengine walipoonyesha kwamba ovari ya tembo inategemea zaidi ndugu za projesteroni, hasa ile iitwayo 5-alfa-dihidroprojesteroni. Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi muda wote, ila kilikuwa kinatoa bidhaa nyingine. Ndiyo maana mimi napenda kuisimulia habari hii kuliko nyingine zote zake: kipimo kilichoonekana kuwa cha aibu ndicho kilikuwa sahihi.

Baada ya hapo hakuweza tena kumtazama binadamu kama mnyama wa pekee. Alitaka kujua sisi tumewekwa kundi gani. Mwaka 1981 alishiriki kuandika makala maarufu iliyolinganisha uzito wa korodani na uzito wa mwili kwa jamii ya nyani. Gorila dume, pande la mnyama, ana korodani za gramu 30 hivi zote mbili. Sokwemtu, mdogo kwake mara kadhaa, ana karibu gramu 120. Sababu? Jike wa sokwemtu hupandwa na madume wengi, kwa hiyo mashindano yanaendelea ndani ya mwili wake, mbegu kwa mbegu. Gorila hushindana kwa misuli nje, akishashinda hana mpinzani. Binadamu ana gramu 40 hivi. Matokeo ya hesabu hiyo kuhusu tabia zetu nakuachia ubishane na wenzako.

Lakini kazi iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi ni ya maziwa ya mama. Mwaka 1972 Short alikabidhiwa kitengo kipya cha utafiti wa uzazi mjini Edinburgh, na humo wenzake wakafuatilia akina mama wanaonyonyesha. Mtoto anapovuta chuchu, taarifa hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na ubongo hupunguza ishara zinazoamsha ovari. Yai halipevuki. Mtoto akianza kupewa uji na kunyonya kukapungua, ovari huamka. Wajuzi wa wazazi wetu wanasema mtoto "amebemendwa" akidhoofika kwa sababu baba na mama wamekutana wakati bado ananyonya. Kisababishi walikikosea, tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Ila kwamba mimba za kufuatana humletea taabu aliyetangulia, hilo waliliona vizuri.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana: mama ambaye hajaanza tena hedhi, anayenyonyesha bila kuchanganya na chakula kingine, na mtoto hajafikisha miezi 6, ana kinga ya mimba ya zaidi ya asilimia 98. Masharti yote matatu kwa pamoja, jamani, siyo mawili. Short na wenzake walifuata akina mama Australia na mwaka 1991 wakaripoti kwamba kwa wale ambao hedhi ilikuwa haijarudi, uwezekano wa kushika mimba ulikuwa asilimia 1.7 kwa miezi 6 na kama 7 kwa miezi 12.

Wakati huo alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, tangu 1982, profesa wa fiziolojia anayesomesha wanafunzi wa udaktari. Daktari wa mifugo anawafundisha madaktari wa watu! Aliwafundisha pia wasiowahi kumwona, kupitia Reproduction in Mammals, mfululizo wa vitabu vyembamba alioanza kuuhariri na Colin Austin mwaka 1972. Humo homoni za mwanamke hukaa jirani na za kondoo, bila kuomba radhi.

Hakupatia kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitangaza kwamba maji ya limau au ndimu yanaua VVU katika maabara, na huenda wanawake maskini wakajikinga nayo. Wazo lilivutia: limau ni rahisi, lipo kila soko. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba maji makali kiasi cha kuua virusi huumiza pia ngozi laini ya uke, na ngozi yenye michubuko ni mlango wazi kwa virusi vilevile. Kwa hiyo ndimu weka kwenye samaki. Short alifariki 2021.